Kikohozi Kisichosikia Dawa: Kipimo cha Vinasaba Chaweza Kutoa Jibu

Hapa kwetu Ibadakuli, na katika mikoa yote ya Shinyanga na Geita, kifua kikuu kinajulikana. Wengine wanakiita TB. Mtu akikohoa kwa wiki mbili, akitoka jasho usiku na kukonda, majirani humwambia aende akapime makohozi. Ushauri huo ni mzuri. TB ni ugonjwa wa kawaida kwetu, na dawa zake hutolewa bure.

Lakini yako magonjwa mengine yenye dalili kama za TB. Mmojawapo ni saratani ya mitoki. Wengi wetu saratani tunaiita kansa. Saratani hii inaweza kukaa kifuani, ikafanana na TB kiasi cha kumdanganya mgonjwa, ndugu zake, na hata mganga. Mgonjwa akinywa dawa za TB na kumbe hana TB, saratani inaendelea kukua. Miezi inapita, na nguvu za mwili zinapungua.

Leo tujifunze jinsi magonjwa haya mawili yanavyotenganishwa. Tutaona pia kazi ya kipimo kinachosoma vinasaba.

MAGONJWA MAWILI, DALILI MOJA

Tuchukue mfano. Kijana mmoja amefanya kazi ya uchimbaji mdogo wa dhahabu upande wa Geita kwa miaka kadhaa. Amerudi nyumbani akikohoa. Ana homa za jioni. Usiku shuka linalowa jasho. Suruali zake zimekuwa kubwa. Shingoni ana vinundu visivyouma.

Je, ana ugonjwa gani?

Inaweza kuwa TB. Wachimbaji huvuta vumbi la mawe. Vumbi hilo huharibu mapafu na kuleta ugonjwa uitwao silikosisi. Mapafu yaliyoharibiwa hivyo hushikwa na TB kwa urahisi zaidi.

Inaweza pia kuwa saratani ya mitoki. Kikohozi, homa, jasho la usiku, kukonda na vinundu ni dalili za ugonjwa huo pia.

Akipigwa picha ya eksirei, picha inaonyesha kivuli kifuani. Kivuli hicho chaweza kuwa cha TB, cha silikosisi, cha nimonia au cha saratani. Picha inaonyesha mahali penye ugonjwa. Mara nyingi picha peke yake haitoshi kutaja jina la ugonjwa.

Madaktari wa nchi kadhaa za Afrika, zikiwamo Uganda na Afrika Kusini, wameandika habari za wagonjwa wa saratani ya mitoki ambao kwanza walitibiwa TB. Kwa hiyo jambo hili si la mtu mmoja wala la kijiji kimoja.

MITOKI NI NINI?

Mwilini mwetu mna tezi ndogo nyingi. Ziko shingoni, makwapani, kwenye kinena, tumboni, na katikati ya mapafu. Tezi hizi ni kama vituo vya walinzi. Walinzi wenyewe ni chembe nyeupe za damu. Mguu ukipata kidonda, tezi za kinena huvimba kwa sababu walinzi wamekusanyika. Tunasema mtu ametoka mitoki. Kidonda kikipona, mitoki hunywea.

Katika saratani ya mitoki mambo ni tofauti. Chembe moja nyeupe inaharibika. Inaanza kuzaa bila mpango. Moja inazaa mbili, mbili zinazaa nne, na kuendelea. Watoto wake hawalindi mwili. Wanajaza tezi, na wanaweza kuingia katika mapafu.

Saratani ya mitoki inayoanzia ndani ya pafu lenyewe ni nadra. Mara nyingi zaidi huanzia katika tezi za kifua au za mahali pengine, halafu ikafika mapafuni. Ugonjwa huu hauambukizwi kwa kula pamoja wala kwa kulala nyumba moja. Watu wenye virusi vya UKIMWI, hasa wasiotumia dawa, wako katika hatari zaidi ya kuupata. Wako katika hatari zaidi ya kupata TB pia.

KIPIMO CHA KWANZA: KUMTAFUTA MDUDU WA TB

Kabla ya kufikiria saratani, lazima tuulize: je, mdudu wa TB yupo?

Zamani makohozi yalitazamwa kwa hadubini tu. Hadubini ni chombo cha kukuzia vitu vidogo ili vionekane. Wadudu wakiwa wachache, hadubini huweza kuwakosa. Siku hizi hospitali nyingi zina mashine iitwayo GeneXpert. Shirika la Afya Duniani liliipitisha mwezi Desemba mwaka 2010. Mashine hii hutafuta vinasaba vya mdudu wa TB ndani ya makohozi. Hutoa jibu kwa muda wa saa 2 hivi. Pia huonyesha kama mdudu huyo amekuwa sugu kwa dawa iitwayo rifampisini.

Vinasaba ni nini? Ni maandishi ya urithi yaliyomo ndani ya kila kiumbe. Ndama hufanana na mama yake kwa sababu amerithi vinasaba vyake. Binadamu ana vyake. Mdudu wa TB naye ana vyake. Mashine ikikuta maandishi ya mdudu, inatambua kwamba mdudu yupo au amepita hapo.

Mashine isipomwona mdudu, bado haijathibitishwa kabisa kwamba TB haipo. Huenda makohozi yalikuwa machache, au TB imejificha katika tezi. Lakini jibu hilo linamwambia mganga atafute zaidi, asiishie hapo.

KINYAMA HUCHUKULIWA

Saratani ya mitoki huthibitishwa kwa kuchukua kinyama, yaani kipande kidogo cha sehemu yenye ugonjwa. Kama mitoki iko shingoni, daktari hufanya ganzi na kutoa tezi moja. Kama ugonjwa uko ndani ya kifua, hupitishwa mpira mwembamba wenye taa mpaka kwenye njia za hewa, au hutumiwa sindano ndefu.

Kinyama hukatwa vipande vyembamba sana. Hupakwa rangi, kisha mtaalamu hukitazama kwa hadubini. Mara nyingi huona jibu. Lakini kinyama cha mapafuni huwa kidogo sana, pengine kama punje ya mchele. Mtaalamu anaona chembe nyeupe nyingi zimejaa. Anajiuliza: hawa ni walinzi waliokuja kupigana na maradhi, au ni saratani?

Kwa macho walinzi na saratani huweza kufanana. Hapo ndipo kipimo cha vinasaba vya chembe hizo husaidia.

CHAPA YA NG'OMBE NA CHAPA YA CHEMBE

Wafugaji wa Shinyanga wataelewa jambo hili upesi.

Wakati wa kiangazi nenda lamboni. Utakuta ng'ombe wengi wamekusanyika. Je, ni wa mtu mmoja? Tazama chapa zao. Ukiona chapa za namna nyingi, unajua wametoka katika miji mingi. Kilichowakusanya ni maji. Lakini ukikuta ng'ombe 200 na wote wana chapa moja, unajua ni kundi la mwenye mji mmoja.

Chembe nyeupe za damu nazo zina chapa. Kila chembe inapokomaa hukata na kuunga sehemu fulani ya vinasaba vyake kwa namna yake yenyewe. Hufanya hivyo ili mwili uwe na walinzi wa kila aina, kila mmoja akimjua adui wake. Chembe ikizaa, watoto wake hurithi chapa hiyo hiyo.

Basi mtaalamu husoma chapa za chembe zilizomo katika kinyama. Akikuta chapa nyingi tofauti, huwa ni walinzi waliotoka kila upande. Wameitwa na maradhi kama TB au nimonia. Akikuta karibu zote zina chapa moja, basi zimezaliwa na mama mmoja. Hiyo ni dalili kubwa ya saratani ya mitoki.

KUDURUFU MPAKA MAANDISHI YAONEKANE

Huenda unajiuliza: kinyama ni kidogo kama punje, vinasaba vilivyomo ndani yake husomwaje?

Mwalimu akiwa na karatasi moja ya mtihani na wanafunzi wengi, anaidurufu. Maabara nayo hudurufu vinasaba. Mmarekani Kary Mullis alibuni njia hiyo mwaka 1983. Mashine hupasha moto na kupoza, tena na tena. Kila mzunguko nakala huongezeka mara mbili.

Tufanye hesabu pamoja. Anza na nakala 1. Baada ya mzunguko wa kwanza ni 2. Baada ya wa pili ni 4. Baada ya wa tatu ni 8. Baada ya mizunguko 10 ni 1,024. Baada ya mizunguko 20 zimepita milioni 1. Baada ya mizunguko 30 zimepita bilioni 1. Kazi hii huchukua saa chache tu. GeneXpert nayo hutumia njia ya kudurufu.

JINA KAMILI HUONYESHA DAWA

Saratani za mitoki ni za aina nyingi. Nyingine hukua polepole kwa miaka. Nyingine hukua kwa siku. Dawa zake hazifanani. Kwa hiyo haitoshi kusema "ni saratani". Lazima ijulikane ni ipi.

Hapa pia vinasaba husaidia. Vinasaba vyetu vimefungwa katika mafungu 46 yaitwayo kromosomu. Katika aina moja ya saratani ya mitoki inayokaa mapafuni na kukua taratibu, mara nyingi vipande vya kromosomu namba 11 na namba 18 vimebadilishana mahali. Katika saratani iitwayo Burkitt, ambayo hukua haraka sana na huwapata zaidi watoto, mara nyingi ni namba 8 na namba 14 zilizobadilishana. Mtaalamu akiona badiliko hilo, analijua jina.

Burkitt ni jina la daktari mpasuaji, Denis Burkitt, aliyefanya kazi Kampala, Uganda. Aliandika habari za uvimbe wa taya za watoto mwaka 1958. Mwaka 1961 yeye na wenzake wawili walisafiri kwa gari maelfu ya maili katika Afrika ya Mashariki na ya Kusini, wakiuliza hospitali baada ya hospitali uvimbe huo unapatikana wapi. Mwaka 1964, huko London, Epstein, Achong na Barr waligundua kirusi ndani ya chembe za uvimbe huo. Kirusi hicho kinaitwa Epstein-Barr. Watu wengi duniani wanacho bila kuugua saratani.

Siku hizi vinasaba vinatafutwa hata ndani ya damu. Saratani huacha vipande vya vinasaba vyake vikielea katika damu. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Muhimbili, Dar es Salaam, pamoja na wenzao wa Hospitali ya Lacor ya Gulu, Uganda, na wa Chuo Kikuu cha Oxford, Uingereza, wamechunguza jinsi damu ya mkononi inavyoweza kusaidia kutambua saratani za mitoki zinazohusiana na kirusi hicho. Tazama basi: ugonjwa uliochunguzwa hapa Afrika ya Mashariki kwa gari na ramani, sasa unachunguzwa hapa hapa kwa tone la damu.

KIPIMO KINA MIPAKA

Ndugu msomaji, usidhani kipimo hiki ni kila kitu. Mara nyingine maradhi yasiyo saratani huleta chembe nyingi zenye chapa moja. Mara nyingine saratani ipo na kipimo kinaikosa. Kwa hiyo daktari huweka pamoja mambo manne: maelezo ya mgonjwa, picha, kinyama chini ya hadubini, na vinasaba. Mashahidi wanne wakikubaliana, neno linathibitika.

Tena vipimo hivi vya chapa za chembe haviko katika kila hospitali. Hufanyika katika maabara kubwa chache. Lakini mgonjwa hana haja ya kuzunguka nchi nzima. Kinyama au damu inaweza kusafirishwa kwa niaba yake.

MASWALI YA MAMA KWA DAKTARI

Mazungumzo kama haya yanaweza kutokea hospitalini.

Daktari: Shikamoo mama.

Mama: Marahaba mwanangu. Kijana wangu amekunywa dawa za TB miezi miwili. Haachi kukonda, na vinundu vinaongezeka. Je, aziache?

Daktari: Hapana mama, asiziache mwenyewe. Akiziacha na kumbe ana TB, mdudu anaweza kuwa sugu. Wewe umefanya vema kumleta. Tutapima makohozi tena, na tutachukua kinyama cha shingoni.

Mama: Watu wanasema uvimbe ukiguswa na kisu unatawanyika.

Daktari: Wengi wanaogopa hivyo, mama. Lakini bila kinyama hatuwezi kujua ugonjwa, na bila kujua hatuwezi kuchagua dawa. Kinachomdhuru ni kuchelewa.

Mama: Na ikiwa ni saratani, si ndiyo kifo?

Daktari: Si lazima. Saratani za mitoki ni miongoni mwa saratani zinazosikia dawa. Baadhi hupona kabisa zikiwahiwa. Nyingine haziponi kabisa, lakini mtu huishi nazo miaka mingi.

TUFANYE NINI?

1. Ukikohoa wiki mbili au zaidi, nenda zahanati upime TB. Usianze na dawa za dukani.

2. Ukianza dawa za TB, zinywe kama ulivyoelezwa. Rudi kupimwa kila ulipopangiwa. Baada ya miezi 2 makohozi hupimwa tena. Kama hali haibadiliki, sema wazi: "Sipati nafuu. Je, inaweza kuwa ugonjwa mwingine?" Huko si kumkosea mganga heshima.

3. Mitoki isiyouma, inayozidi kukua kwa wiki kadhaa, ionyeshwe hospitali. Isichanjwe wala isichomwe.

4. Usinunue prednisolone au dawa za jamii yake bila kuandikiwa. Dawa hizo hunyweza mitoki kwa muda mfupi. Halafu kinyama kikichukuliwa, saratani huweza kujificha.

5. Ukipewa kichupa chenye kinyama ukipeleke maabara, usikifungue. Usimwage dawa iliyomo, wala usiongeze maji. Hakikisha jina la mgonjwa limeandikwa. Kifikishe mapema, usikiweke nyumbani. Kinyama kikiharibika, vinasaba navyo haviwezi kusomeka.

6. Ukipewa rufaa, nenda. Kutoka zahanati utafika hospitali ya mkoa, na kutoka hapo Hospitali ya Bugando, Mwanza, yenye huduma za saratani. Kutoka Ibadakuli ni safari ya kilomita 160 hivi. Ndugu wa Geita siku hizi wanapita daraja la Kigongo–Busisi, lililofunguliwa mwezi Juni 2025, badala ya kungoja kivuko. Ukishindwa gharama, ulizia ofisi ya ustawi wa jamii hospitalini kabla ya kukata tamaa.

7. Wachimbaji, punguzeni vumbi. Loweni mwamba kwa maji kabla ya kuchoronga na kusaga. Vaeni vifaa vya kuzuia vumbi puani na mdomoni.

UGONJWA WENYE JINA HAULETI UADUI

Jambo la mwisho ni la ujirani. Mtu akiugua bila kupona, na ugonjwa hauna jina, maneno huanza. Watu huuliza ni nani amemfanyia. Katika mikoa yetu akina mama wazee wamewahi kushukiwa, kupigwa, hata kuuawa, kwa sababu tu macho yao ni mekundu. Wekundu huo mara nyingi ni moshi wa jikoni wa miaka mingi.

Sasa tumejua. Chembe moja ya damu inaweza kuharibika ndani ya mwili wa mtu. Hakuna jirani aliyeitia humo. Chapa yake inasomeka maabara. Kwa hiyo kipimo humsaidia mgonjwa apate dawa inayomfaa, na humlinda pia bibi asiye na hatia.

MASWALI YA KUJADILIANA KIKUNDINI

1. Taja dalili nne ambazo TB na saratani ya mitoki zote zinazo.

2. Kwa nini picha ya eksirei peke yake haitoshi kutaja jina la ugonjwa?

3. Chembe zenye chapa nyingi zina maana gani? Na zenye chapa moja?

4. Ukianza na nakala 1 ya vinasaba, utakuwa na nakala ngapi baada ya mizunguko 5?

5. Katika kijiji chenu, mgonjwa anayehitaji kwenda Bugando anaweza kusaidiwaje kupata nauli na mtu wa kumsindikiza? Pangeni sasa, kabla mtu hajaugua.